Makopo Mawili ya Mama Umulisa

Nyabugogo, stendi kuu ya mabasi ya Kigali, hakuna mtu mwenye adabu zake anayekunywa maziwa akiwa amesimama. Bia sawa. Chai unaweza hata kutembea nayo barabarani ukijiona umetoka Ulaya jana. Lakini maziwa, hata kama kondakta wa basi la Huye anapiga kofi ubavuni mwa gari na begi lako liko ndani, utaketi kwenye benchi, utashika kikombe kwa mikono miwili, na utanyamaza kidogo. Mukasine, ambaye stendi nzima inamwita Mama Umulisa, amekula na kuvaa kwa adabu hiyo tangu yeye na mumewe waliporudi nchini kutoka Karagwe, Tanzania, wakafungua duka la maziwa. Tatizo ni kwamba mteja anayeketi anataka benchi, benchi linataka chumba, na chumba kina mwenyewe.

Mwenyewe ni mzee Nzeyimana, mtu wa Kifaransa cha zamani na koti la zamani zaidi, ambaye hajawahi kupandisha kodi bila kwanza kusifia maziwa. Alikunywa kikombe kizima, akafuta mdomo kwa kitambaa, akasema, "Madame, maziwa yako ni yale yale. Ila mji umebadilika."

"Umebadilika kiasi gani, mzee?"

"Laki moja na nusu."

Yaani kodi ipande kutoka faranga laki tatu hadi laki nne na nusu kwa mwezi. Au, kwa sababu yeye ni mtu mwenye huruma, chumba kigawanywe katikati kwa ukuta wa mbao. Mama Umulisa abaki na nusu ya barabarani, yenye dirisha, kwa laki mbili na ishirini na tano. Nusu nyingine tayari ina mtu wake, kijana anayeuza vifuniko vya simu, vile vyenye manyoya. Mzee atarudi Jumamosi na fundi wake, kwa jibu lolote.

Nusu chumba maana yake dirisha bila mabenchi. Watu wachukue maziwa ya mgando kwenye vidumu vya plastiki na kwenda zao. Maziwa ya moto, ambayo lazima mtu aketi kuyanywa, basi.

Jambo lililomuumiza Mama Umulisa ni kwamba hesabu ilionekana kukubaliana na mzee Nzeyimana.

Pale dukani pesa zilikaa kwenye makopo mawili. Kopo la bluu lilikuwa la maziwa ya unga ya dukani, na marehemu mama mkwe alilichukulia kama tusi hadi siku alipozikwa. Kopo jekundu lilikuwa la biskuti. La bluu lilipokea pesa za maziwa ya moto, na jekundu lilipokea pesa za kivuguto, maziwa ya mgando ambayo ndiyo sifa ya nyumba hiyo mpaka leo. Mpango huo uliletwa na mama mkwe mwenyewe, na haukuwa wa biashara, ulikuwa wa nyumbani. Kwake yeye, maziwa ya asubuhi ni ya mume, yatoke yaende kwa watu. Yanayobaki jioni ni ya mke. Mke anayaweka kibuyuni, anayachanganya na kijiko cha mgando wa jana, anayafunika, na yakishaganda hakuna mtu wa kumuuliza yametoka wapi. Mgando haununuliwi, alikuwa akisema, mgando unazaliwa.

Basi Bayingana, mume, akawa mtu wa kopo la bluu. Yeye ndiye aliyeamka kuchemsha, ndiye aliyesimama na upawa mbele ya sufuria kubwa akiwa amevaa aproni iliyoandikwa jina la kampuni ya sabuni, na ndiye aliyemlipa mleta maziwa kila asubuhi. Mukasine akawa mtu wa kopo jekundu. Na tangu mwezi wa kwanza la bluu likawa halitoshi, na jekundu likawa linafurika.

Kila jioni ilikuwa sinema ileile. Magari ya mwisho ya Rusizi yakijaa, jua likiwa linashukia Mont Kigali, madereva wa malori kutoka Tanzania wamejazana mabenchini wakisubiri onyesho. Bayingana anavua kofia. Anamkaribia mkewe kama mtu anayekwenda kuomba kazi kwa gavana.

"Mama Umulisa, nikopeshe kidogo. Kesho mtu wa maziwa asije akanikuta mtupu."

"Umeuza tangu alfajiri! Pesa zimekwenda wapi, umezinywa?"

"Zimelala kwenye vibuyu vyako, mama."

"Sikilizeni huyu! Nimeolewa na hasara yenye masharubu!"

Madereva wanapiga meza. Mmoja wao, mtu wa Kahama mwenye tumbo la heshima, ndiye aliyembatiza Baba Hasara, na jina likashika kuliko rangi ya ukutani. Duka halikuwahi kuwa na bango. Halikulihitaji. Kuanzia wachukuzi wa sokoni mpaka wasafiri wa Goma walisema, "Tukutane kwa Baba Hasara," na Bayingana mwenyewe akajibu jina hilo kwa mkono juu, akicheka, bila kujitetea hata siku moja.

Huko Karagwe, kabla ya kurudi, Bayingana alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mukasine alikuwa akiwaambia watu jambo hilo kama kichekesho: eti aliwahesabia wakulima wa wilaya nzima magunia yao, na sasa sufuria moja linamshinda!

Alipofariki, miaka michache iliyopita, alifariki akiwa bado Baba Hasara. Mjane akabaki na makopo yote mawili. Akaendelea na sinema peke yake: jioni anachota kutoka jekundu, anatia kwenye la bluu, anaguna, "Wewe mwanamume wewe," na wahudumu wake wawili wanatazama pembeni.

Sasa, zamani Nyabugogo haikuwa hivi. Mvua ikinyesha, stendi ilikuwa uji. Watu walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na miguu yao ilijipanga chini ya mabenchi ikitoa mvuke kama viazi. Vikombe vilikuwa vya bati lenye maua, na kila dereva alikuwa na chake, chenye alama ya pigo lake mwenyewe. Redio ilikuwa moja, juu ya kabati, na ilikamata Kiswahili cha Bukoba vizuri kuliko ilivyokamata habari za nyumbani, kwa hiyo watu wa kwa Baba Hasara walijua bei ya ndizi za Kagera kabla ya kujua nani kateuliwa nini Kigali. Bayingana alikaa kwenye kona ya benchi la mlangoni, pale ambapo ubao umebonyea, akipokea watu kwa lafudhi yao. Mtu wa Kampala alipata salamu ya Kampala, wa Bukavu ya Bukavu. Vikombe vya bati vimekwisha, ni vya plastiki sasa. Madereva wengi wa enzi hizo wana magoti mabovu, wako makwao. Lakini bonde lile la kwenye ubao bado lipo, na mtu mgeni akikaa hapo hujikuta ameegemea ukuta na kuanza kuongea na watu asiowajua.

Hilo ndilo benchi ambalo ukuta wa mbao ungepita juu yake.

Mama Umulisa alimpigia simu bintiye. Umulisa anafanya kazi kwenye ofisi ya bima Kicukiro, ni mhasibu wa vyeti kamili, si wa kuungaunga, na amejenga Ndera nyumba yenye chumba cha mama ambacho mama hajawahi kulala zaidi ya Krismasi. Simu ilimkuta kati ya vikao viwili.

"Niambie kila kopo kwa siku, Mama. Haraka."

"La bluu linaingiza elfu arobaini na nane. Namlipa Silvère maziwa elfu hamsini, gesi elfu tatu."

"Kwa hiyo linakula elfu tano kila siku. Jekundu?"

"Elfu arobaini."

"Linatoa ngapi?"

"Halitoi kitu. Ni mgando."

"Mama!" Umulisa alicheka. "Hilo halihitaji mtu aliyesoma. Funga linalokula, bakiza linalozaa. Elfu arobaini mara siku thelathini ni milioni moja na laki mbili. Toa kodi ya nusu chumba, utakuwa tajiri wa Nyabugogo. Nimechelewa, nitakupigia."

Hesabu ikawa hiyo. Milioni na laki mbili ni pesa ambayo Mama Umulisa hajawahi kuiona ikikaa mahali pamoja. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye alikata simu, akachukua kitambaa, akafuta benchi la mlangoni, ambalo lilikuwa safi.

"Basi tena, Baba Hasara," akasema. "Hata mtoto wako amekushtaki."

Ijumaa asubuhi akamsubiri Silvère. Silvère huleta maziwa kutoka Ndera. Alianza na baiskeli na kidumu kimoja, sasa ana pikipiki na majagi mawili makubwa ya bati pande zote, na bado huingia dukani akihema kana kwamba amepanda kilima kwa miguu. Kiswahili chake ni cha hapahapa Kigali, kinatembea bila viatu.

"Silvère, kaa kwanza."

Silvère akaogopa. Mama Umulisa hakuwahi kumwambia akae kabla hajamimina.

"Mama, iko nini? Maziwa ya jana ilikuwa mubaya?"

"Maziwa yako hayana neno. Ni kwamba kuanzia wiki ijayo sitauza tena maziwa ya moto. Mzee Nzeyimana anakata chumba. Nitauza kivuguto tu, pale dirishani."

Silvère akavua helmeti, akaitazama ndani kana kwamba ina ushauri. "Pole sana, Mama. Miaka yote hii! Sasa, ya kivuguto nikuletee lita ngapi?"

"Ya kivuguto usilete. Kivuguto natengeneza mwenyewe."

"Ndiyo, Mama. Lakini nilete ngapi?"

"Silvère, unanisikia? Sichukui maziwa. Kivuguto ni yale yanayobaki jioni."

"Yanabaki kwenye nini?"

"Kwenye yale ya..." Mama Umulisa akasimama hapo.

Silvère hakuwa na nia mbaya. Ni mtu wa majagi, alitaka kujua ajaze kiasi gani. Lakini mdomo wake haujawahi kungoja ruhusa.

"Sasa utagandisha nini, Mama? Mvua?"

Mhudumu mmoja akacheka puani, akajifanya anapenga kamasi. Mama Umulisa akatazama majagi pale mlangoni, lita mia moja kila siku ya Mungu, kisha akatazama kopo jekundu juu ya kabati, kisha majagi tena. Alikuwa na sura ya mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kuikuta puani.

"Mimina," akasema. "Mimina yote kama kawaida. Na usimwambie mtu."

"Kumwambia nini?"

"Hasa. Usimwambie."

Alasiri ile, baada ya kupigiwa simu na kusimuliwa swali la Silvère, Umulisa alifika mwenyewe, na viatu vyake vya ofisi mkononi, maana ngazi za Nyabugogo hazina adabu kwa visigino. Alikuwa ameanza kucheka tangu kwenye simu, na alipoingia alikuwa bado hajamaliza, ila sasa alijicheka yeye.

"Miaka mitano chuoni, Mama. Mitano! Nikakubali kwamba kuna kitu kinauzwa elfu arobaini na hakikununuliwa. Bosi wangu akijua, nitarudishwa shule ya msingi na sare."

"Wewe ulisikia nilichokuambia. Mimi ndiye niliyeambiwa mgando unazaliwa, nikaamini."

"Unazaliwa, sawa. Lakini una baba."

Umulisa akashusha ubao wa bei, akafuta bei kwa kiganja, akachukua chaki. "Lita mia moja, kila lita mia tano, elfu hamsini. Zinazonywewa za moto ni ngapi?"

"Sitini, siku ya kawaida."

"Arobaini zinalala vibuyuni. Kwa hiyo, kati ya hizo elfu hamsini za Silvère, elfu thelathini ni za maziwa ya moto, na elfu ishirini ni za mgando wako. Sasa tazama. Kopo la bluu linaingiza arobaini na nane. Toa thelathini za maziwa yake mwenyewe, toa gesi tatu."

Mama Umulisa akahesabu midomo ikitembea. "Kumi na tano."

"Faida elfu kumi na tano kila siku. Halijawahi kula, Mama. Jekundu linaingiza arobaini, toa ishirini ambazo hukuwahi kulipa. Ishirini. Yote mawili yanazaa, na kwa pamoja ni elfu thelathini na tano."

Kisha akaandika maamuzi mawili, moja kila upande wa ubao. Kubaki na chumba kizima: elfu thelathini na tano kwa siku ni milioni na elfu hamsini kwa mwezi. Toa kodi mpya laki nne na nusu, toa wahudumu wawili laki na sitini, inabaki laki nne na arobaini. Upande wa dirisha: elfu ishirini kwa siku ni laki sita. Toa kodi laki mbili na ishirini na tano, toa mhudumu mmoja elfu themanini, inabaki laki mbili na tisini na tano.

"Kwa kodi hiyo ya wizi," alisema Umulisa, "bado mabenchi yanakulipa karibu laki moja na nusu zaidi kuliko dirisha. Na huyo mhudumu mwingine hatafukuzwa kwa sababu ya vifuniko vya manyoya."

Alingoja mama yake afurahi. Mama Umulisa hakuwa anatazama laki nne na arobaini. Alikuwa anatazama zile elfu ishirini.

"Hizi alizilipa nani?"

"Zipi?"

"Hizi za mgando. Miaka yote ile. Alizilipa nani?"

Umulisa akaweka chaki chini.

"Kopo la bluu," akasema polepole. "Baba."

"Halafu jioni anakuja kunikopa. Kofia mkononi. Mbele za watu." Mama Umulisa akaketi. Sio kwenye kigoda chake cha nyuma ya kaunta, aliketi benchini, jambo ambalo wahudumu wale hawakuwahi kuliona. "Nilikuwa ninamkopesha pesa zake."

"Alikuwa karani, Mama. Magunia ya wilaya nzima."

"Nakwambia alijua! 'Zimelala kwenye vibuyu vyako.' Kila siku aliniambia. Mimi nikadhani ananitongoza."

"Labda alifanya yote mawili."

Mama Umulisa akacheka kicheko kidogo kilichovunjika njiani. "Kwa nini asiseme wazi, lakini? Mtu anaitwa hasara mpaka na watu wa Kahama!"

Umulisa akajifuta chaki kiganjani. "Bibi alikuwa hai," akasema. "Angekudai pesa za mgando, angekuwa amemdai Bibi. Na ada zangu zilitoka kopo jekundu. Ulikuwa unanipeleka shule mwenyewe na noti zile mkononi, unatembea katikati ya barabara, magari yanakukwepa. Nakumbuka. Alikuwa anasimama hapo mlangoni anakutazama."

"Ananicheka?"

"Hapana, Mama. Anatazama tu."

Nje kondakta aliita Musanze, Musanze, mtu mmoja. Mhudumu alileta vikombe viwili vya moto bila kuulizwa, na wao wakavishika kwa mikono miwili.

Jumamosi mzee Nzeyimana akafika na fundi, na fundi akafika na mbao begani na sanduku lake la zana kana kwamba vita vimeshaamuliwa. Mama Umulisa aliwaketisha wote wawili, akawapa maziwa. Akangoja sifa.

"Madame, maziwa yako ni yale yale..."

"Na chumba ni kilekile, mzee. Nakichukua chote. Laki nne na nusu."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa machozi, akakosa pa kuweka uso. "Chote? Lakini, Madame, hapa pana hasara. Mji mzima unajua."

"Mji mzima ulidanganywa, na aliyeudanganya ni mimi. Ila laki nne na nusu si ya chumba kinachovuja. Mfereji wa paa unarekebishwa na wewe, kabla ya mvua. Na huyu fundi umeshamlipa?"

"Nusu."

"Vizuri. Kuna benchi hapa linayumba mguu, na mbao anazo."

"Madame!"

"Usimrudishe na mzigo, mzee, utamvunja mgongo. Atakudai na hospitali."

Fundi, ambaye hakutaka kubeba mbao mara ya pili, tayari alikuwa amepiga goti chini ya benchi la mlangoni. Mzee Nzeyimana akanung'unika Kifaransa kirefu, akaomba kikombe cha pili, na hicho Mama Umulisa alimtoza. Fundi akauliza kama apige randa na pale palipobonyea, pawe sawa.

"Hapo usiguse," akaambiwa.

Alipokwisha kuondoka na mzee wake, Mama Umulisa alishusha makopo yote mawili. Wahudumu wakafikiri ni ile sinema ya jioni imekuja mapema, wakajiandaa kutazama pembeni. Lakini hakuguna. Alihesabu elfu ishirini kutoka kopo jekundu, akazinyoosha noti moja moja kwa kiganja, akazitia kwenye la bluu.

"Hizi ni za nini, Mama?" aliuliza mmoja.

"Za maziwa ya vibuyu. Kila siku, kuanzia leo, jekundu linalipa chake."

Mlangoni aliingia dereva kijana wa lori la Tanzania, miwani ya jua kichwani, simu sikioni. "Nimefika, braza. Nipo hapa kwa Baba Hasara," alikuwa akimwambia mtu. Akamwona mwenye duka, akainua mkono. "Shikamoo, mama. Nipatie ya moto, kubwa. Baba alinisisitiza nikipita Kigali lazima ninywe kwa Baba Hasara."

"Marahaba. Baba yako wa wapi?"

"Kahama."

"Ana tumbo?"

Kijana akacheka. "Analo bado. Magoti ndiyo hakuna."

Mama Umulisa akamjazia mwenyewe, kwa upawa ule wa zamani, mpaka kwenye ukingo. "Ukimpigia," akasema, "mwambie Mama Umulisa anamsalimu. Na mwambie lile jina alilompa mume wangu tumelirudisha. Hapa ni kwa Bayingana."

"Bayingana," kijana akajaribu.

"Hivyo hivyo. Sasa kaa."

Kijana akakaa, akaondoa simu sikioni, akashika kikombe kwa mikono miwili. Mama Umulisa akajichotea na chake, akatoa sarafu kwenye mfuko wa kitenge chake mwenyewe, mia nne kamili, bei ya kikombe, akazitumbukiza kwenye kopo la bluu, zikalia. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mlangoni, pale palipobonyea. Mguu haukuyumba tena.